Vitambaa Kumi

Mwanamke aliyeuza samaki miaka kumi na sita hadanganyiki na harufu. Ngalula alijua harufu ya samaki aliyekaushwa kwa haraka. Alijua harufu ya samaki aliyelowa mvua njiani akakaushwa tena ili auziwe mgeni, na harufu ya samaki anayeoza ndani huku ngozi yake bado inang'aa. Kwa hiyo siku ile ya Julai, alipoingia chumba alimolala mdogo wake Fidélie, kwa wakwe zake hapa Nchelenge, akafunua kitenge na kuona kidonda cha kupasuliwa kilichofunga juu juu tu, hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Fidélie," alisema, "hii haiko kidonda tu. Kuna kintu kinaoza mu tumbo."

"Usiseme kwa nguvu, yaya," Fidélie akamnong'oneza dada yake. "Mama mukwe iko nje."

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu Daktari Chewe wa hospitali ndogo ya Kapanshi ampasue Fidélie na kumtoa mtoto wa kiume, mzima, analia, baada ya siku mbili za uchungu. Jairos, mume wa Fidélie, mvuvi asiye na maneno mengi, alilia mbele ya wanaume wenzake. Mtoto akapewa jina la daktari. Huku kwetu Ziwa Mweru jina la mtu haliokotwi barabarani. Ukimpa mwanao jina la mtu, mtu huyo amekuwa ndugu, anaingia kwako bila hodi. Chewe mkubwa alikuja siku ya nane, akambeba Chewe mdogo, akapigwa picha naye.

Kesho yake walikwenda Kapanshi. Fidélie alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, Ngalula akimshika kiuno. Mbele yao alitangulia Ba Eneless, mama yake Jairos, na mtoto mgongoni. Walikaa kwenye benchi kuanzia saa moja ya asubuhi. Kufika saa nne benchi lilikuwa limebaki lao peke yao, ingawa ukumbi ulikuwa umejaa. Mama mmoja alijifunika pua kwa kitenge, akamvuta mwanawe kando. Ba Eneless akaangalia ukuta.

"Ni mimi," Ngalula akasema kwa sauti, ili ukumbi mzima usikie. "Mutaniwia radhi, ba mama. Nimetoka sokoni na nguo zangu za samaki."

Hakuwa ametoka sokoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Daktari Chewe alikuwa kijana bado, mwenye macho mekundu ya mtu anayelala kwa vipande. Alibonyeza tumbo la Fidélie mara mbili. Fidélie aliuma ncha ya kitenge chake. Daktari hakubonyeza mara ya tatu. Akakaa, akaanza kuandika.

"Ba Dokota, muangalie vizuri," Ngalula akasema. "Kuna kintu ndani."

"Mama, na wewe ni daktari?"

"Hapana. Minauza samaki."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mstaarabu. Nyuma yake, kwenye kabati, muuguzi mmoja aliyeitwa Blessings alikuwa ameshika kopo la pamba. Aliendelea kulishika bila kulifungua wala kuliweka chini.

Ba Eneless akauliza kwa Kibemba, akarudia kwa Kiswahili ili mkwe wake na dada yake wasikie: "Ba Dokota, sasa huyu atapona lini? Kijana yangu analala chini mwezi na zaidi sasa."

Daktari alifunika kalamu yake. "Bamayo," alisema, "kwa upande wetu kazi ilikamilika. Kila kitu kimeandikwa. Nampa dawa za wiki moja. Lakini kidonda kikikataa kupona hivi, kuna mambo ya hospitali na kuna mambo ya nyumbani. Ya nyumbani nyinyi munayajua kuliko mimi."

Uso wa Ba Eneless ukafunga kama dirisha. "Natotela, mukwai," akamshukuru, akasimama.

Mambo ya nyumbani. Mtu asiye wa huku angedhani ni usafi, au chakula. Mwambao mzima unajua ni nini. Mwanamke akichelewa kujifungua, au akijifungua na tumbo likagoma kupona, wazee husema ni incila: alilala na mwanaume mwingine akiwa na mimba ya mume wake. Dawa haishiki mpaka alitaje jina la mwanaume huyo. Daktari hakulisema neno lenyewe. Aliliweka tu mkononi mwa mwanamke mzee, akamfungulia mlango.

Siku nne baadaye, saa tisa ya mchana, Ngalula alifika na bakuli la uji wa karanga. Aliwakuta wanawake watatu wa ukoo wa Jairos wamekaa kwenye mkeke, na Fidélie katikati, mgongo umeegemea ukuta kwa sababu hakuweza kukaa mwenyewe. Homa ilimtoa jasho mpaka nywele zikamshika kichwani. Mbele yao kulikuwa na kikombe cha mizizi iliyochemshwa, kimefunikwa kisahani.

"Dawa hii hapa," Ba Eneless alikuwa anasema. "Hatukukatazi. Lakini ukiinywa bila jina, utakuwa umekunywa maji. Sema tu, mwanangu. Hakuna atakayekuua."

"Sina jina, mama."

"Ulikuwa unatembea sokoni na tumbo lako, unacheka na wapagazi."

"Ninachekaka na kila mutu, mama. Njo vile nilizaliwa."

"Njo vile tunauliza."

Hivyo walikuwa tangu asubuhi. Si watu wabaya, wanawake wale. Mmoja alikuwa akimfuta Fidélie jasho kwa leso yake mwenyewe huku anamuuliza alilala na nani. Jairos alikuwa amekaa nje kwenye gogo, anashona wavu uliokuwa mzima. Mtoto alilia chumba cha pili, na kila alipolia Fidélie aligeuza kichwa, na kila alipogeuza kichwa Ba Eneless alisema, "Utampata. Taja kwanza."

Fidélie alifumba macho. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope:

"Pitchou."

"Pitchou gani?"

"Pitchou wa yaya."

Ngalula alikuwa mlangoni na bakuli. Pitchou alikuwa mume wake. Alizama na mtumbwi wa mizigo kati ya Kilwa ya Kongo na ng'ambo hii, wiki ya Pasaka ya mwaka uliopita, na wakamzika baada ya siku tatu. Fidélie ndiye aliyemwosha Ngalula uso siku ile, kwa sababu Ngalula hakuweza kuinua mikono.

"Aliyekufa," mmoja wa wale wanawake akanong'ona. "Wa hivyo ndio wabaya zaidi."

Nje, Jairos alisimama. Alikunja wavu wake, akauweka begani, akaondoka kuelekea pwani bila kuingia ndani. Jioni watu walimwona kwenye mashua ya kwenda kisiwani.

Ngalula aliuweka uji chini, taratibu, ili usimwagike. Fidélie alikuwa amefumbua macho, anamwangalia moja kwa moja. Alimwangalia kwa nguvu, kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Ngalula hakuuliza.

"Mulilalaka vizuri?" akasema. "Nyumbani mwangu, ku shuka zangu?"

Akatoka. Nyuma yake alisikia Fidélie akiita, "Yaya," mara moja tu.

Wiki tatu Ngalula hakukanyaga kwa wakwe wa mdogo wake. Alikaa kwenye meza yake sokoni, akauza chisense, dagaa wa kwetu, kwa kikombe na samaki wa moshi kwa fungu, akawajibu wateja kwa mkato mpaka wakaanza kumpita. Usiku alikuwa analala. Hasira humlaza mtu vizuri kuliko huzuni. Mchana ndiyo ulikuwa mgumu. Alikumbuka Fidélie akikaa kwao miaka miwili kabla ya kuolewa. Alikumbuka Pitchou akimletea mikate ya Kasenga. Alikumbuka wakicheka jikoni, na kila kicheko alichokumbuka sasa kilikuwa kimegeuka upande.

Yolande, wa meza ya jirani, hakumwacha apumzike.

"Kumbe Pitchou alikuwaka na nyavu mbili," akasema siku moja, akipanga samaki. "Moja ya ziwa, moja ya jikoni."

"Uza samaki zako, Yolande."

"Ninauza. Mulomo haunizuie kuuza."

Koti jeusi la Pitchou, lile la harusi, alikuwa amelitunza kwenye sanduku na dawa ya nondo. Alilitoa, akampa mpagazi wa kwanza aliyepita, bure. Mpagazi alidhani anataniwa. Alilivaa pale pale, juu ya kifua kitupu, na tangu siku ile Ngalula alilazimika kuliona koti la mume wake likibeba magunia bandarini kila asubuhi.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, muuguzi Blessings alisimama mbele ya meza yake. Hakuwa na sare. Aliinua samaki, akamrudisha. Akainua mwingine, akamrudisha.

"Mama, ile samaki si nguo," Ngalula akamwambia. "Haipimwi."

"Mudogo yako anaendeleaje?"

"Sina mudogo."

Mteja alikuja, akanunua, akaondoka. Blessings alikuwa bado amesimama.

"Mama, mzigo wa kupeleka mjini Mansa unauhesabu mara ngapi?"

"Mara mbili. Mbele ya kufunga, na wakati wa kufungua. Juu ya nini?"

"Na hesabu ikikataa?"

"Unamwaga yote chini, unaanza tena. Hata kama motokari inapiga honi."

"Siku ile," Blessings akasema, "motokari ilikuwa inapiga honi."

Akasema yote palepale, akishika ukingo wa meza. Kila wanapopasua, vitambaa vya kufutia damu huhesabiwa kabla, na huhesabiwa tena kabla ya kushona. Siku ya Fidélie waliingiza kumi. Saa nane mchana umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Jenereta ya Kapanshi iliahidiwa kabla ya uchaguzi mmoja, ikakatiwa utepe kabla ya uchaguzi mwingine, na haijawahi kuwaka hata siku moja. Mama mwingine alikuwa amelazwa mlangoni, anatoka damu. Daktari alikuwa hajalala siku mbili; hakuna daktari mwingine. Blessings akahesabu vitambaa tisa.

"Nilimwambia, 'Ba Dokota, ni tisa.' Akasema kimoja kimeanguka kwenye ndoo, tutakitafuta baadaye. Akashona. Baadaye hatukukiona. Karatasi ikaandikwa kumi."

"Nani aliandika?"

"Yeye aliandika. Sisi wawili tukatia saini."

"Na siku tulikuja, ulikuwa umesimama pale ku kabati."

"Nilikuwepo."

"Ukasikia akisema mambo ya nyumbani."

"Nilisikia, mama."

Ngalula akavua aproni yake, akamtupia Yolande. "Uza na ya kwangu," akamwambia. "Mulomo haukuzuie."

Alimkuta Fidélie kwenye kibanda cha nyuma cha jikoni, kwenye gunia. Kwa mwiko wa incila alikuwa hagusi chumvi, haingii ndani, hapiki, mpaka dawa ishike, na dawa ilikuwa haijashika. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Mtoto alikuwa ananyonyeshwa na shangazi wa Jairos. Ile harufu Ngalula aliisikia kuanzia barabarani, na akatambua kwamba wiki tatu zilizopita pia aliisikia, aliijua, na aliiacha hapo.

"Umekuja kuchukua uchafu wako?" Ba Eneless akamuuliza.

"Njo kumuchukua nilikuja. Yeye na mutoto."

"Mtoto ni wa Jairos."

"Mama atakufa leo ao kesho. Akifa bila kumuona mutoto yake, utalala usingizi wewe?"

Ba Eneless aliingia ndani, akatoka na mtoto, akamkabidhi.

Félix, dereva aliyempelekea Ngalula mizigo Mansa miaka yote, alikuwa anaondoka na lori la samaki saa hiyo hiyo. Walimlaza Fidélie mbele kwenye kiti. Félix hakuuliza kuhusu harufu. Alizima redio, akaendesha kama amebeba mayai.

Daktari wa Mansa alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani. Alimpasua Fidélie asubuhi iliyofuata, akatoka na bakuli la chuma, akalifunua mbele ya Ngalula kwa sababu, alisema, ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuona. Kitambaa kilikuwa kama leso ya mkononi, kimejikunja, rangi ya majani yaliyokaa majini. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeoza nacho. Walilazimika kuutoa.

"Ana miaka mingapi?" daktari akauliza.

"Makumi mbili na mbili."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akakaa akaandika barua, kurasa mbili, na kila neno alilolitia humo alimsomea Ngalula kwanza.

Siku ya tano Fidélie alianza kunywa uji. Homa ilikuwa imeshuka. Mtoto alilala kwenye mkono wake, na Ngalula aliketi kwenye kiti cha plastiki, akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka.

"Fidélie. Juu ya nini ulisema Pitchou?"

Fidélie aliweka kikombe cha uji chini.

"Yaya, Pitchou alikufa mwezi gani?"

"Wa ine. Pasaka. Mwaka uliopita."

"Na mutoto alizaliwa lini?"

"Wa sita. Mwaka huu."

"Hesabu."

Ngalula aliacha kumenya. Alihesabu kwa vidole, akafika mwisho wa vidole, akaanza upya. Mimba ya Fidélie iliingia mwezi wa tisa. Pitchou alikuwa ardhini miezi mitano.

"Walikuwa wanataka jina ya mutu nililala naye na tumbo," Fidélie akasema. "Walikuwa hawaniachi. Nikitaja mutu mwenye iko muzima, Jairos atamuchoma kisu. Nikafikiri: nitataja mutu mwenye hawawezi kumupiga. Na yaya iko mulangoni. Yaya anahesabuka mara mbili. Yaya atacheka, atawaambia, 'Nyinyi bajinga, huyu alikuwa amekufa.'" Akaweka sawa kofia ya mtoto. "Nilikuangalia. Ulikuwa na uji mu mikono."

Ngalula hakulia. Kulia kungekuwa kuomba kitu.

Aliporudi Nchelenge hakwenda sokoni. Alikwenda Kapanshi na barua, akakaa kwenye lile benchi. Kabla hajamwona daktari, aliitwa ofisini na msimamizi wa hospitali, mtu mnene mwenye adabu, aliyempa soda. Alisema wamesikia habari za Mansa, wamesikitika sana. Alisema kuna magunia manne ya unga, kama msaada kwa familia, na karatasi ndogo tu ya kutia saini kwamba mambo yamekwisha.

"Karatasi inasema nini?"

"Kwamba mumeridhika."

"Hapa Kapanshi munapenda sana kuandika," Ngalula akasema. Soda aliiacha imejaa.

Daktari Chewe alimpokea nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji. Alikuwa amekonda. Alisoma barua akiwa amesimama, ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha wa kwanza tena.

"Nilikuwa peke yangu, mama," akasema. "Watu wa mwambao huu wote, na mimi mmoja. Nimeandika barua ngapi Mansa, Lusaka, niletewe mwenzangu. Yule mama wa mlangoni aliyekuwa anatoka damu, yuko hai. Ningehesabu tena, angekufa."

"Minakuamini."

Hakutegemea hilo. Alimwangalia.

"Kitambaa minaelewa," Ngalula akaendelea. "Mutu amechoka, umeme unakatika, mutu anakosea. Hata mimi nilikosea, na mimi nilikuwa nimelala vizuri. Lakini wiki tano nyuma tulikuja hapa. Ulikuwa umelala siku ile?"

"Kidogo."

"Ulibonyeza mara mbili. Mara ya tatu mukono yako ilikataa. Ulijua."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba, tone moja moja.

"Nilihisi," akasema.

"Na ile neno ya nyumbani. Wewe si muzungu, hata useme hukujua. Mama yako anakaangaka mandazi pale Kashikishi, minanunuaka kwake. Ulijua vile itafanya ku mutoto wa watu?"

Daktari alimrudishia barua.

"Nilijua," akasema. "Nilifikiri watamsumbua siku mbili, tatu. Nilifikiri dawa itafanya kazi. Sikufikiri... Mama, wakinifukuza, nani atawapasua wanawake hapa? Niambie. Nani?"

"Sijui. Labda hakuna mutu. Hiyo nayo ni mbaya." Akaikunja barua. "Barua hii itaenda kwa wakubwa, ukuje ao usikuje. Siuzi barua. Lakini Siku ya Posho, Jumamosi hii, saa tatu, watu wa Jairos watakaa ku mkeke. Wale wale. Neno ulilitia pale kwa kinywa. Ukuje ulitoe kwa kinywa."

Alikuja. Ngalula hakuwa na hakika mpaka alipomwona anapinda kona kwa miguu, bila koti jeupe. Ba Eneless alikuwepo, na wale wanawake wawili. Jairos alikuwa amerudi kutoka kisiwani, amekaa karibu na mlango, amebana mikono katikati ya magoti. Fidélie, aliyeletwa na Félix jana yake, alikaa kwenye kiti kwa sababu mkeke ulikuwa bado mbali mno kwa tumbo lake, na mtoto kwenye paja. Wakubwa waliomwacha Chewe peke yake na umeme wa kukatika hawakuwepo. Wa namna ile hawajawahi kukaa kwenye mkeke wowote.

"Kulikuwa na infeksheni," daktari akaanza, "ambayo baada ya upasuaji wakati mwingine—"

"Sema kitambaa," Ngalula akasema.

Daktari alimgeukia Fidélie. "Niliacha kitambaa ndani ya tumbo la mama huyu. Kimoja. Niliandika kwamba vyote vimetoka, havikuwa vimetoka. Ndicho kilichooza ndani yake. Hakuna lingine. Nilipowaambia ni mambo ya nyumbani, nilikuwa ninajificha."

Mmoja wa wanawake alishika mdomo. Jairos hakuinua kichwa. Ba Eneless alinyoosha pindo la kitenge chake juu ya goti, akalinyoosha tena.

"Asante, Ba Dokota," akasema mwishowe. "Umefanya vizuri kuja. Ya hospitali tumeisikia. Lakini jina alilitaja yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Kitambaa hakikumtajia."

Wale wawili wakaitikia kwa vichwa. Daktari alianza kuinuka, kama mtu aliyemaliza sehemu yake.

"Kaa," Ngalula akamwambia. "Kazi yako ni kuhesabu mimba. Hapa kwenu si mimi watanisikiliza. Mutoto huyu alizaliwa lini?"

"Tarehe tatu Juni."

"Alikuwa ametimia?"

"Ametimia. Miezi tisa kamili."

"Rudi nyuma mpaka mimba ilipoingia. Hesabu kwa sauti."

Daktari Chewe alihesabu, akikunja kidole kwa kila mwezi, mbele ya mwanamke aliyepoteza mfuko wa uzazi kwa ajili yake na mtoto aliyebeba jina lake. "Mei. Aprili. Machi. Februari. Januari. Disemba. Novemba. Oktoba. Septemba."

"Pitchou tulimuzika Aprili. Ba Eneless, ulikuja ku matanga, ulileta unga. Kutoka Septemba rudi ku Aprili."

"Agosti," daktari akasema. "Julai. Juni. Mei." Akakunja kidole cha mwisho. "Aprili. Miezi mitano. Mtu huyu alikuwa amekufa miezi mitano kabla mimba haijaingia."

Vidole vya Ba Eneless vilikuwa vinatembea juu ya goti lake, kimoja kimoja, na vilipofika mwisho vikasimama.

"Rudia," Ngalula akasema.

"Mama, wameelewa."

"Rudia. Sisi tunahesabuka mara mbili."

Akarudia. Safari hii sauti yake ilivunjika kwenye Novemba, lakini alifika mpaka Aprili. Kisha akaondoka kama alivyokuja, kwa miguu. Jumatatu yake aliitwa Lusaka, na Blessings akahamishiwa Chienge. Mwezi uliofuata wajawazito wa Kapanshi walioshindwa kujifungua walipandishwa nyuma ya malori, na barabara ni ile ile mnayoijua.

Siku ile, daktari alipokwisha kuondoka, Jairos alisimama. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi akisukuma baiskeli, amefunga mto kwenye kiti cha nyuma. Aliisimamisha mbele ya mke wake.

"Twende nyumbani kwetu," akasema.

Fidélie alimwangalia, akauangalia na mto. "Félix ananipeleka Mantapala, ku kambi ya wakimbizi," akasema. "Kwa mama mudogo. Iko na shamba pale."

"Fidélie, nilisikia vibaya. Sikuhesabu."

"Najua. Ulienda kisiwani."

Ngalula alimsogelea, akapiga magoti ili uso wake uwe chini ya uso wa mdogo wake. "Nyumba yangu iko," akasema. "Chumba chako iko. Usiende kwa watu wa kambi na kidonda."

"Yaya, ulinipeleka Mansa. Sitasahau." Alisema kwa upole, na upole ule ndio Ngalula alioendelea kuusikia mwaka mzima. "Lakini mbele ya kunipeleka Mansa ulikuwaka mulangoni."

Honi ya lori ikalia barabarani. Ngalula akainama haraka kukusanya vitu vya mtoto vilivyotandazwa kwenye mkeke, nepi, vikofia, blanketi, ili amfungie kwenye kitunga.

"Acha," Fidélie akasema.

Alimpa Jairos mtoto amshike. Akajishusha mpaka chini, polepole, mkono mmoja tumboni. Akavitoa vyote alivyokuwa amefunga Ngalula, akavipanga upya kimoja kimoja, midomo yake ikihesabu bila sauti. Honi ikalia mara ya pili. Alipofika mwisho, alivimwaga chini, akaanza tena.